Kiwiko cha Mama Pasi

Mama yangu ni dobi, na mtaani wanamwita Mama Pasi. Amefua na kunyoosha nguo za watu tangu sijazaliwa, na mikono yake imezoea moto kiasi kwamba huepua sufuria bila kitambaa, akashangaa sisi tunapiga mayowe ya nini. Viganja vimekufa ganzi, na yeye mwenyewe anajua. Ndiyo maana maji ya kumwogesha mtoto huyapima kwa kiwiko. Anakunja mkono wa gauni, anatumbukiza kiwiko kwenye beseni, anakiacha humo kidogo, halafu ndipo anasema, "Leteni bwana mkubwa."

Bwana mkubwa ni Bonge, mtoto wa kaka yangu. Alizaliwa mnene, jina likajileta lenyewe. Mama yake ni mwalimu, na likizo ya uzazi ilipokwisha, Mama ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto. Huyo mwalimu si mtu mbaya. Naliweka wazi mapema, maana mimi ni wifi mtu, na mawifi tukisimulia hatuaminiki.

Siku moja Bonge aliamka akilialia, chini ya pua ana kidonda kidogo chenye ukoko wa manjano. Tukasema ni mafua tu. Mama akamwogesha, akamlaza. Wifi aliporudi mchana alikuta mtoto ana homa, shingo na makwapa vimeiva kwa wekundu, na akiguswa tu analia. Alipomvua fulana, ngozi ya kwapani ilitoka na nguo, kama ganda la nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto.

Wifi hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliitazama mikono ya Mama, akauliza, "Mama, maji yalikuwa ya moto kiasi gani?"

"Nilipima," Mama akasema. Halafu akasita. "Nadhani nilipima."

Hilo "nadhani" ndilo lililotumaliza. Hospitalini muuguzi aliuliza kama mtoto ameungua na maji, na wifi akajibu, "Ndiyo." Nilitamani kumrukia. Kaka yangu, ambaye akiwekwa chumba kimoja na mama yake na mkewe huwa bubu, alitazama sakafu.

Mama aliketi kwenye benchi la korido, mikono kaificha ndani ya mtandio. Nikamwambia, "Mama, wewe humwogeshi mtoto bila kiwiko. Kila siku tunakuona."

"Ndiyo hivyo, kila siku. Siku zote zimefanana, mwanangu. Ya leo siikumbuki." Kisha akasema, "Kama ni mimi, msinifiche. Na mtoto msiniachie tena."

Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, asiye na haraka. Alimgeuza Bonge polepole, akamkagua miguu, makalio, mgongo, na ndani ya mdomo. Mwisho akakitazama sana kile kidonda cha chini ya pua. Kisha akatuita ndani sote.

"Nani alisema huyu ameungua na maji?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Maji ya moto yana alama zake," akasema. "Yanaacha mpaka pale yalipoishia, na madoa pale yaliporukia. Na mtoto wa beseni huungua miguu na makalio kwanza. Huyu huko kote ni mzima. Tatizo limeanzia hapa puani. Kuna bakteria anayeishi kwenye pua na ngozi za watu wengi tu, bila kuwadhuru. Baadhi yao hutengeneza sumu. Wenyewe wamekaa kwenye kidonda hiki kidogo, lakini sumu yao inasafiri na damu mpaka kwenye ngozi, inaachanisha tabaka la juu na la chini yake. Ngozi inababuka kama iliyoungua. Mtu mzima mara nyingi mwili wake unaimudu sumu hiyo. Mtoto mdogo bado."

"Kwa hiyo si maji?" Kaka akapata sauti, hatimaye.

"Si maji. Tutampa antibiotiki kwenye mshipa na dripu, na asishikwe-shikwe. Kinachotoka ni tabaka la juu kabisa, kwa hiyo kwa kawaida hakiachi kovu."

Wifi akauliza bakteria huyo katoka kwa nani.

"Labda kwako, labda kwa baba yake, labda kwangu. Mtu hashtakiwi kwa pua yake, mwalimu."

Mama peke yake hakuridhika. "Hata kama yalikuwa na moto kidogo tu?"

"Mama," daktari akasema, "si maji."

Bonge alipona. Ngozi ilibabuka, mpya ikaja, akarudi nyumbani na kelele zake. Mama ndiye hakurudi kwenye kumwogesha. Beseni likitolewa tu, yeye huyo uani, anageuza nguo zilizokwisha kukauka. Ukimwita anasema, "Nyinyi vijana mnaweza." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi niliona zaidi ya woga. Mama alikuwa anasubiri neno, na mwenye neno alikuwa kimya.

Jumamosi moja wifi alilibeba beseni mwenyewe, akalitua uani chini ya kamba ya nguo, miguuni pa Mama. Akachovya kiwiko chake, akakitoa.

"Mama, hiki changu hakijui kitu. Naomba chako."

"Changu kimezeeka."

"Hospitalini niliulizwa, nikajibu ndiyo, na sikuwa nimeona kitu. Nilikusingizia, Mama. Nisamehe."

Mama alisimama na kibanio cha nguo mdomoni. Wifi akainuka, akaushika mkono wa gauni la Mama, akaukunja taratibu mpaka juu ya kiwiko. Mama akatoa kibanio mdomoni, akainama, akatumbukiza kiwiko majini. Alikiacha humo muda mrefu kuliko siku zote.

"Ongeza ya baridi," akasema.

Wifi akaongeza.

"Haya. Leteni bwana mkubwa."