Vilima vya Mama

Nikipishana na mtu aliyejifukiza udi, hata hapa sokoni Voi, nakumbuka kile kifurushi. Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, na nguo alizotutumia Taita zilinukia nyumba ya watu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilizilalia wiki nzima nikitafuta harufu yake, nisiipate.

Alipiga simu Ijumaa. Tuliulizana kama tumekula, kama nasoma, kama nyanya hajambo, halafu akasema halas, yatosha, madam anamwita. Nilibaki na simu mkononi, mpweke kuliko kabla haijalia.

Mwaka huo Mwalimu Mwakio alikuwa akikusanya majina ya vilima vyetu na maana zake, kwani ramani ya zamani iliandika urefu tu. Vilima vya malisho ya marehemu babu alivijua mama peke yake, maana ndiye aliyechunga naye. Nyanya alizoea kusema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mama hakuwepo, na vilima vilikuwa vyake. Nikakabidhiwa daftari.

Basi simu zikarefuka. Nilisimama juu ya kinu kilichofudikizwa ili mtandao ushike, nyanya akinishika miguu na kunung'unika kwamba vilima haviliwi. Mama alitaja jina kwa Kitaita, kisha maana yake: Wanapolala Mbuzi, Ukungu Haupandi. Nami nilijua siku vilima vitakapoisha tutarudi kwenye umekula, unasoma. Kwa hiyo kila Ijumaa nilimwambia Mwalimu bado vipo, na nilimwambia mama Mwalimu anataka zaidi.

Waajiri wake walipomhamishia Jeddah, kwenye jumba la mtaa wa Al-Hamra, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yalla, andika haraka," alisema. "Hiki kinaitwa Asiyetuliwa. Kuna mwanamke alipita na mzigo, hakupata wa kumtua."

Ijumaa iliyofuata kilikuwa Ufunguo kwa Mwingine. Iliyofuata, Jina Lisilo Lake, kwa sababu ya mwanamke aliyepelekwa mbali, wakambatiza jina rahisi kwao, akaitika. Niliona ni hadithi tamu za kale. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa.

Mama alirudi baada ya miaka minne, amekonda, hapendi kuitwa kwa sauti. Nilimpeleka shuleni nimwonyeshe ramani mpya ukutani. Aliisoma taratibu, kidole kikipita juu ya kila kilima.

"Hivi sita ni vya babu," alisema. "Vingine nilivitunga. Ulikuwa unavitaka sana."

Nilicheka, nikadhani tumemchezea Mwalimu shere. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoisoma tena ile ramani, nikajua yule mwanamke alikuwa nani, nikaketi kwenye dawati na kulia. Mama alikuwa akiniambia kila Ijumaa. Nami, kalamu mkononi, nilimjibu: kingine, mama, kingine.