Kiti cha Nyuma

Shemeji yangu ni mtu mwema. Naanza na hilo ili baadaye msiseme nina chuki naye. Amemuoa dada yangu, ana karakana ya baiskeli chini ya vilima vya mizabibu, na hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote tunamwita Kokoto. Mgeni akija kukodi baiskeli, kabla hajakalia kiti, Kokoto ameshamweleza changarawe ya kona ya kwanza ilivyo, ya mteremko ilivyo, wapi inateleza na wapi inashika tairi. Maana huko juu hakuna lami. Ni njia nyembamba inayozunguka katikati ya mashamba, na magari hayaruhusiwi, kwa sababu wenye mashamba wanasema vumbi likitua kwenye zabibu, hata mvinyo utakuwa na ladha ya barabara. Kwa hiyo ni baiskeli au miguu yako.

Mimi nauza chai mlango wa pili. Ukuta wetu ni mmoja. Akigonga nyundo, vikombe vyangu vinatetemeka, na mambo ya nyumba yao nayajua bila kuuliza. Dada ni fundi cherehani. Alikuwa akishonea humo humo karakanani, dirishani penye mwanga, na vitambaa vyake vikipata doa la grisi mume alisikia habari yake mpaka jioni.

Dada hakuwahi kufika juu ya vilima. Nyonga yake ya kushoto ni mbovu, hawezi kupanda kwa miguu, na baiskeli hajui kuendesha. Lakini alitaka. Wageni wakishuka kutoka huko, hasa baada ya mavuno majani yanapobadilika rangi, walikuwa wanakuja kwangu kunywa chai meno nje, wanasimulia mpaka chai inapoa. Dada alisimamisha cherehani asikilize. Jioni akamuuliza mumewe, ambaye mara nyingi aliwapandisha wageni mwenyewe, leo huko juu kulikuwaje? Naye akamjibu kwamba kona ya juu imemwagika kokoto mpya, mtu asipotumia breki ya nyuma mapema atapiga mweleka. Kila siku jibu ni hilo hilo. Tulimcheka sana.

Kisha dada akaanza kulikosa tundu la sindano. Tulidhani ni uzee, tukamtania. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba dawa zitachelewesha giza lakini hazitalizuia. Ilimuuma Kokoto, nisimsingizie. Wiki ile ile alichukua fremu mbili kuukuu, akazichomelea pamoja, akapata baiskeli ya watu wawili. Kiti cha nyuma akakiweka chini kidogo kwa ajili ya ile nyonga, na mahali pa pedali akaweka vyuma vya kupumzishia miguu, ili mkewe akae tu kama malkia. Dada akakishonea kiti hicho mto wa kitambaa cha kochi, cha buluu. Wakakubaliana kwamba majani yakianza tu kugeuka, watapanda.

Siku ilipofika dada alivaa gauni jipya. Baiskeli ilikuwa nje imefutwa mpaka inang'aa. Hapo wakatokea mtu na mkewe, wageni, wakaiona, wakaipenda, wakasema wanaitaka hiyo hiyo na kwamba hiyo ndiyo siku yao ya mwisho. Mimi nilikuwa mlangoni na birika mkononi. Nilimwona Kokoto anavyojikuna kichwa. Huyu mtu hawezi kumwambia mgeni hapana, hata akikatwa kidole. Akamgeukia dada yangu.

"Wewe upo, mke wangu," akasema. "Hawa kesho wanaondoka."

Dada akasema sawa, waende. Akaingia ndani kubadilisha gauni.

Mnaweza kukisia yaliyofuata. Wageni wale waliwasimulia wengine, na baiskeli ya watu wawili ikawa ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Dada akapigwa kalenda: Jumapili, basi Jumapili ijayo, basi wakipungua. Ubaya ni kwamba majuma yale ambayo vilima vinapendeza ndiyo majuma ambayo wageni wanajaa. Walipopungua, majani yalikuwa yameshaanguka, huko juu kumebaki vijiti. Wakasema mwaka ujao. Na mwaka uliofuata siku moja nikapita karakanani nikaona vile vyuma vya kupumzishia miguu vimefunguliwa, kumefungwa pedali, kwa kuwa wageni wa nyuma nao walitaka kuendesha. Mto wa buluu ulikuwa umeisha rangi kwa makalio ya watu tusiowajua.

Nilimwendea Kokoto, na mdomo wangu mnaujua. Nilimwambia kila kitu kilichonijia. Hakunijibu vibaya. Alisema ameshawaahidi watu, kwamba msimu huu ukiisha atairudisha kama ilivyokuwa, kwamba dada mwenyewe halalamiki. Na kweli dada alikuwa halalamiki. Alikuwa ameacha kuuliza habari za huko juu. Cherehani ameifunika shuka. Alikaa pale pale dirishani, mikono mapajani, na mtu akiingia anamkaribisha kwa sauti nzuri, kwa maana aliona kivuli tu kikikata mwanga.

Asubuhi moja Kokoto alitoka nje kuchukua spana, akarudi akasimama mlangoni bila kusema neno, anafikiria kazi yake. Dada akainua uso.

"Karibu, mgeni," akamwambia mumewe. "Fundi yuko ndani."

Nilikuwa naleta chai. Kokoto alibaki amesimama, spana mkononi. Hakumsahihisha. Alirudi nyuma taratibu mpaka nje, akakaa kwenye tairi la trekta wanalokalia wateja, na machozi yakamtoka mbele ya watu. Nilikuwa na maneno tayari, makali kweli, nikayameza. Siku hiyo hiyo alifungua zile pedali, akarudisha vyuma vya miguu. Wageni waliokuwa wameahidiwa baiskeli walikuja, akawaambia haikodishwi, ina mwenyewe. Wakanuna, wakaondoka.

Tulipanda majani yakiwa katika ubora wake. Dada alivaa lile gauni, ambalo sasa lilikuwa linambana. Mimi niliwafuata na baiskeli ya kukodi, na kwa sehemu kubwa niliisukuma, jamani, siwadanganyi, pumzi zilinitoka hata za akiba. Mbele yangu nilimwona dada amekaa wima, mkono mmoja kwenye kiuno cha mumewe. Hakuna gari, hakuna honi, changarawe tu ikilia chini ya matairi. Niliona anatabasamu, nikasema moyoni, labda hatujachelewa sana.

Juu kabisa wakasimama. Upande huu na ule vilima vimeshuka, mistari ya mizabibu inafuatana hadi bondeni, shamba hili jekundu, lile la jirani njano, jingine lina rangi ambayo sijui hata inaitwaje. Dada akageuza uso huku na huku.

"Haya," akasema. "Niambie."

Kokoto akaanza kumweleza kwamba hapa njia imeshikana vizuri, ila mbele inashuka, na kwenye ile kona ya kushoto kuna kokoto zilizolegea.

"Njia naijua, umenisimulia miaka yote," dada akamkatiza. "Niambie mizabibu."

Kokoto akainua kichwa. Akatazama. Alichukua muda mrefu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Ni mekundu," akasema. "Majani."

"Mekundu vipi?"

"Kama taa ya nyuma."

Ningecheka, lakini nilimwona usoni. Alikuwa anatazama kama mtu aliyeletwa hapo kwa mara ya kwanza siku ile, yeye aliyewapitisha watu wa kila aina. Akajaribu tena, midomo inacheza, hakuna kilichotoka. Nami, ninayejua kusema hata nisipoulizwa, sikupata neno la kumsaidia. Halikuwa langu kulisema.

"Nisamehe, mke wangu," akasema mwishowe. "Nikipita hapa huwa natazama njia."

Dada aliupapasa ule mto aliokalia, akausawazisha pembeni ulipochanika.

"Ungenileta ule mwaka wa kwanza," akasema, "leo ningekusimulia mimi."

Kokoto aliangalia kama miguu ya mkewe imekaa vizuri kwenye vyuma, akashika usukani, na kwa kuwa kona ya chini ni mbaya, akarudi kutazama njia.