Kamba Moja, Mashamba Mawili

Siku Nyangate alipojua kuzidisha, ng'ombe wake alichelewa kukamuliwa mpaka akaanza kulalamika. Mwenyewe alikuwa na shughuli jikoni. Alihesabu matofali ya ukuta, ishirini na mawili kwenda kando na kumi na manne kwenda juu, akazidisha, akapata mia tatu na manane. Kisha, kwa kuwa hakuiamini bahati yake, akayagusa moja moja kwa mwiko. Yalikuwa mia tatu na manane. Alicheka peke yake kwa sauti hadi kuku wakatoka nje.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, mkulima wa chai na ndizi upande wa juu wa soko la Nyaramba. Shule aliiacha darasa la pili, akarudi nyumbani kulea wadogo zake. Sasa kila Jumatano alasiri alivaa gauni lake la kanisani akaenda ngumbaru, darasa la watu wazima, kufundishwa na Madam Valentine, binti ambaye umri wake hata ukiuongeza mara mbili haukumfikia Nyangate. (Nyangate alikuwa ameshaupigia hesabu.) Wenzake walitaka kusoma Biblia na ujumbe wa simu. Yeye tarakimu zilimteka. Sabato mahubiri yakirefuka, alizidisha mabenchi kwa waumini, na mchungaji alipoona midomo yake ikichezacheza alimsifu mbele ya kanisa zima kwa kupenda sala.

Jambo moja tu lilimnyima raha, nalo lilihusu mtoto mchanga. Mwanawe Osoro na mkewe Purity walikuwa wamejaliwa mvulana, na kwa Wagusii mtoto hupokea jina la aliyetangulia. Aliyetangulia alikuwa Ombati, mume wa Nyangate, miaka sita sasa kaburini. Hapakuwa na haja ya kikao. Lakini kikao kiliitishwa, Jumapili, kwa sababu jina la Ombati lilikuwa limeharibika.

Lilikuwa limeharibika hivi. Zamani, mzee Anyona aliwagawia wanawe wawili ardhi. Ili asije akalaumiwa, alisokota kamba moja ndefu ya katani, akaizungusha kwenye shamba la Obwocha, mkubwa, kule juu kando ya barabara. Ncha zikakutana. Kamba hiyo hiyo akaiteremsha, akaizungusha kwenye shamba la Ombati, lile jembamba linaloshuka hadi kijitoni. Ncha zikakutana tena. Watu wakapiga makofi, wakala, wakaenda zao. Kamba ni ile ile, nani atabisha?

Tangu hapo, siku ya kuchuma, Obwocha alipeleka kilo kumi na nane za majani kwenye kituo cha chai. Ombati alipeleka kumi. Wiki nenda wiki rudi, miaka thelathini, kumi na nane kwa kumi. Ardhi sawa, mvua ile ile, mbolea ile ile. Basi lazima mmoja analala! Obwocha, ambaye si mtu mbaya ila utani humwasha mdomoni, alieleza kila sherehe jinsi alivyomkuta mdogo wake akikoroma chini ya mgomba. Watoto wa ukoo waliochelewa kuamka waliambiwa wanalala kiombati. Ombati alicheka pamoja na wengine, kisha kesho yake akaamka mapema zaidi.

Na Nyangate naye, siku moja ya hasira, alimwambia, "Mwenzako anapata kumi na nane." Ombati alichukua kikapu chake akarudi shambani. Maneno hayo yalimuuma Nyangate hadi leo, tena yalimuuma zaidi kuliko kifo chenyewe.

"Mama," Purity alikuwa amemwambia kwa upole, akimnyonyesha mtoto, "watu wanasema mtoto hufuata jina. Sitaki achekwe." Osoro alitazama viatu vyake. Obwocha alikuwa amependekeza jina la babu mwingine, hodari wa kulima.

Hali ilikuwa hiyo Jumatano ile Madam Valentine alipochora umbo la pembe nne ubaoni.

"Mzingo," alisema, akipitisha chaki pembeni, "ni safari ya kulizunguka shamba. Eneo ni nafasi iliyomo ndani. Ukitaka mzingo, jumlisha pande zote. Ukitaka eneo, zidisha urefu kwa upana. Kila mmoja akapime shamba lake kwa hatua, aniletee majibu."

Nyangate hakungoja kesho. Alishuka shamba lake akihesabu: hatua mia moja. Akakata kando: ishirini. Mzingo, mia mbili na arobaini. Eneo, mia mara ishirini, miraba elfu mbili. Vizuri sana. Na kwa kuwa mtu aliyejua kupima hashibi, akavuka mpaka akapima na la shemeji yake. Sitini kushuka, sitini kukata. Mzingo, mia mbili na arobaini.

"Sawa kabisa!" alisema kwa sauti. Kumbe mzee Anyona hakupendelea mtu.

Kisha akazidisha sitini kwa sitini, akaketi chini kwenye majani ya chai.

Miraba elfu tatu na mia sita. Akarudia kwa kalamu kwenye kiganja. Elfu tatu na mia sita. Kamba ile ile, safari ile ile ya kuzunguka, lakini ndani, lo! Akajaribu kugawanya, somo ambalo alikuwa nalo wiki mbili tu. Elfu tatu na mia sita gawanya kwa kumi na nane: mia mbili. Elfu mbili gawanya kwa kumi: mia mbili. Miraba mia mbili, kilo moja. Huku kilo moja, na huku kilo moja. Ombati hakuwa nyuma ya ndugu yake hata kwa jani.

Mke wa Obwocha, aliyekuwa akianua nguo, alimwona jirani yake akirukaruka katikati ya chai, akipiga vigelegele, kandambili moja mguuni na nyingine haijulikani iliko. Alikimbilia ndoo ya maji akidhani ni siafu.

Jumapili ukoo ulijaa uani kwa Osoro. Baada ya wali na kuku, Obwocha alisimama, akajikohoza, tayari kwa kisa chake cha mgomba. Nyangate akamwahi.

"Shemeji, kabla hujasema, nisaidie kidogo." Alitoa kamba ya katani, hatua ishirini na nne, ncha zimefungwa pamoja. "Baba yako aligawa kwa kamba. Na mimi nataka kugawa."

"Mama Osoro, hii masomo yako itatuua," alisema Obwocha, na watu wakacheka.

Nyangate aliivuta kamba kwenye vigingi vinne, hatua sita kila upande. "Ingieni. Mikono kiunoni, kila mtu na mraba wake, hatua moja kila upande. Msibanane." Waliingia wakisukumana kwa vicheko, safu sita za watu sita, mashangazi, wakwe, vijana, na Obwocha akaingia wa mwisho na tumbo lake. Thelathini na sita. Wote walitosha.

"Sasa tokeni." Aling'oa vigingi, akavipigilia upya, hatua kumi kwa mbili. "Kamba nimekata?"

"Yaya!" walijibu. Hapana.

"Nimeongeza?"

"Yaya!"

"Rudini."

Walirudi mbio. Safu mbili za watu kumi kumi zikajaa, na nje wakabaki watu kumi na sita wakiduwaa mikono kiunoni, kama vikombe vilivyokosa kabati. Kicheko kilichozuka kiliwatia mbwa kichaa. Shangazi mmoja alikaa chini kabisa. Kijana mmoja akapiga mluzi, akamshangilia bibi yake kwa lugha ya vijana, "Shosh ako na form leo!"

Obwocha alikuwa mmoja wa waliobaki nje. Alizunguka kamba mara mbili akitafuta pa kuingilia. "Jibaneni kidogo!"

"Chai haijibani, shemeji."

"Sasa mimi nitasimama wapi?"

"Hakuna pa kusimama," alisema Nyangate. "Hiyo ndiyo ilikuwa shamba ya Ombati. Miaka thelathini. Wewe ulikuwa na miraba elfu tatu na mia sita, yeye elfu mbili. Wewe kumi na nane, yeye kumi. Gawanya uone." Alimnyooshea kiganja. Wino ulikuwa bado haujatoka, kwa maana tangu Jumatano alikuwa akiosha vyombo kwa mkono mmoja.

Obwocha alikisoma kiganja, midomo ikichezacheza. Aliitazama kamba, akawatazama watu ndani yake. Akavua kofia.

"Hakuwa analala," alisema.

"Hakuwa."

"Na ile siku ya mgomba... alikuwa ameanza kuchuma saa kumi alfajiri. Nilijua. Sikuwahi kusema hiyo." Alijipangusa uso kwa kofia, kisha akaenda kwa Purity akanyoosha mikono, na Purity akamtazama Osoro, Osoro akaitikia kwa kichwa, naye Purity akampa mtoto.

"Ombati," Obwocha alimwita. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Ukoo mzima ulijizuia kucheka, pumzi zikakatika, na hata Nyangate alijiziba mdomo kwa kiganja chenye hesabu.

"Mtu asimwamshe," Obwocha akaagiza, akiwatazama wote mmoja mmoja. "Huyu amechoka."