Binti wa Stefano Aitwe Nani

Mama ndiye aliyenituma Dubai. Mdogo wangu Stefano, mpishi katika mkahawa wa Wagiriki kule Al Rigga, alikuwa amepata binti wake wa kwanza, na kwa desturi yetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Hakuna kuchagua. Lakini wiki tatu zilikuwa zimepita, na kila Mama alipopiga simu kuuliza mtoto anaitwaje, Stefano alisema mtandao unasumbua.

"Nenda ukaone mwenyewe," Mama aliniambia, pale dukani Karatina ninaposhona sare za shule. "Na liwe jina la mbele. La pili hubaki kwenye karatasi, hakuna anayeitwa nalo. Nataka kusikia Nyambura akiitwa aje ale."

Basi nikaacha sketi za watu bila pindo, nikaondoka.

Jumanne mchana, Dubai. Stefano alinipokea uwanjani na tabasamu la mtu aliyevunja sahani ya wageni. Kwake Rashidiya si mbali. Tulifika hata sijamaliza salamu za nyumbani. Mkewe, Purity, alinipa mtoto nimshike, nami nikauliza swali langu moja.

"Kwa sasa tunamwita mtoto tu," alisema Purity. "Muulize ndugu yako."

Ndipo yakatoka. Purity aliposhikwa na uchungu, mwenye mkahawa, madam Eleni, alimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe. Stefano, kwa furaha, akamwambia, "Madam, huyu mtoto ni wako. Wewe ndiye utampa jina." Kwetu maneno hayo ni shukrani tu. Unayemwambia hucheka, akasema mtoto ana wenyewe, mkanywa chai yakaisha. Madam hakujua kwamba alitakiwa kukataa. Alisema amekubali, akalia machozi.

"Si umwambie ukweli?" nikamuuliza Stefano.

"Nimwambie aje, dada? Ashaanza kuandika majina. Na ndiye kafeel wangu, kibali changu cha kukaa hapa kiko mkononi mwake."

Jumatano asubuhi nilipanda treni kutoka Rashidiya hadi Al Rigga, maneno yangu nimeyapanga vizuri. Madam Eleni, mama wa makamo mwenye sauti nene, alinikalisha na kufungua daftari kabla sijafungua mdomo. Sofia ni hekima. Irini ni amani. Theodora ni zawadi ya Mungu. Anastasia ni ufufuko. Akaniuliza lipi linamfaa mtoto, nami nikachanganyikiwa kabisa. Kwetu jina ni mtu, na maana yake hakuna anayeiuliza. Tena mtoto wa wiki tatu nitajuaje kama ana hekima?

"Na wewe, Damaris, unajua jina lako ni la kwetu?"

Nilimwambia ni la Biblia, nilibatizwa nalo. Akacheka. Ni la Kigiriki, alisema, ingawa asili yake inabishaniwa. Wapo wanaosema maana yake ni ndama. Stefano je? Stefano ni taji. Nilirudi Rashidiya nimenuna. Miaka arobaini na sita nimekuwa ndama, mdogo wangu akivaa taji, na hakuna aliyewahi kuniambia. Niliyokwenda kuyasema yote nilikuwa nimeyasahau.

Ijumaa, siku ya mapumziko kule, madam alitualika chakula cha mchana kwake Mirdif. Cheti cha mtoto kilikuwa kinasubiri jina, na alisema leo atalitoa. Nyumba yake ni kubwa na kimya; hakujaliwa mtoto, kama mimi. Tulipomaliza kula alimpakata mtoto, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama yenu alifariki lini?"

"Mama yetu? Yuko Karatina anasubiri simu!"

Madam akamgeukia Stefano. "Sasa mbona ulinipa mimi? Hata kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Mimi ni Eleni kwa sababu ya nyanya yangu. Nilidhani huna mama. Au mmegombana, nikaona aibu kuuliza."

"Pole, madam," Stefano alisema, macho kwenye sahani. "Nilikuwa nashukuru tu."

Sikujua nicheke au nimzabe kofi ndugu yangu. Madam akauliza mama yetu anaitwa nani, akajaribu mara tatu hadi Nyambura ikakaa mdomoni. Ina maana gani? Nilisema ndani yake kuna mvua, ila kwetu sisi ni Mama tu.

"Khalas, yamekwisha," alisema. "Nyambura." Akamrudisha mtoto kwa Purity, akaingia jikoni.

Nilimfuata na sahani. Daftari lilikuwa wazi mezani, ukurasa wa mwisho una jina moja peke yake: Zoi.

"Ni uhai," alisema kabla sijauliza. "Ni mama yangu. Nimezaliwa peke yangu, na sikuzaa. Nilipopewa mtoto nikafikiri..."

Akafungua bomba, akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi. Nilikuwa nimepata nilichokifuata, na roho iliniuma.

Jumapili jioni nilifika Karatina. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Walipoondoka nikamsimulia habari ya Zoi, akaanza kuhesabu kwa vidole mabinti watakaokuja. "Wa pili ni wa mama yake Purity," alisema. Alipofika kidole cha tatu alinitazama, akakikunja. Binti wa tatu, kwa desturi, ni wa dada mkubwa wa baba. Ni mimi. Na kwa mwanamke asiye na mtoto, hakuna pengine ambapo jina lake litarithiwa.

Nilishona pindo siku mbili, nikafumua, nikashona tena. Nilikwenda kumzuia mtu wa nje asiingie katika majina yetu, nikajifunza kwamba naye ana mama. Zaidi ya hapo sijui nilijifunza nini.

Siku ya tatu nilimpigia Stefano. "Mkijaliwa binti wa tatu," nikamwambia, "mwite Zoi."

"Na wewe je, dada?" aliuliza.

Nilimwambia wateja wameingia, nikakata simu. Hapakuwa na mteja.