Vipande vya Mikunga

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Nimesoma madarasa mawili tu kwa mapadri, la tatu nililianza nikalikimbia. Nilikata mkonge kule Kilosa, nikarudi Ifakara na shuka moja na baiskeli isiyo na breki, na kwa baiskeli hiyo hiyo nikaanza kupeleka samaki wakavu Mahenge. Kupanda nilisukuma, kushuka nilisali. Miaka michache kabla ya Uhuru, wakati wa mambo ninayoyaeleza hapa, nilikuwa na mitumbwi mitano, kambi ya uvuvi chini kidogo ya kivuko, na nyumba ya bati karibu na soko. Wavuvi wangu waliniita Tajiri, nami sikuwakataza.

Ndipo akaja yule kijana wa bahari.

Alinikuta nakagua samaki kwenye vichanja. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi, na begani alibeba sanduku la bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Chuoni, mzee. Nasomea elimu ya bahari. Nimeletwa huku miezi mitatu kwa mazoezi ya kazi, nifundishe watu habari za viumbe vya majini."

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wavuvi, akaangua kicheko. "Kijana, umepitiliza kituo! Bahari umeiacha nyuma huko."

Kijana hakukasirika. Akafungua sanduku, akatoa chupa ya spiriti. Ndani mlikuwa na kitu kigumu chenye mikono mitano, mfano wa nyota. Akasema kinaitwa kiti cha pweza.

"Loo!" shemeji akasema. "Pweza mwenyewe hatujamwona, tumeshaletewa kiti chake. Basi akija tumkaribishe akae."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa natazama barua aliyoshika, yenye mhuri wa serikali. Mtu wa bahari anatafuta nini Ifakara? Kila Jumamosi akawa anaweka meza yake pale kivukoni na ile chupa juu yake, siku nyingine anakwenda shule za Katindiuka na Idete kuwaeleza watoto habari za papa na nyangumi. Watoto wakamwita Bwana Bahari. Nikajiambia, mtu hamfundishi mtoto wa Idete habari za nyangumi bure. Iko namna.

Namna nikaiona wiki ya pili. Alikuwa ananunua mikunga kwa wavuvi, wale samaki warefu kama nyoka, ambao hata kwetu wako wasiowala. Aliwataka wazima. Kisha anawarudisha mtoni! Nikaenda mwenyewe kushuhudia. Nikamkuta amemfunika mkunga kwa gunia bichi ili asiteleze, anamfunga mgongoni kibati kidogo kwa waya.

"Hicho nini?"

"Kipande, mzee. Kina namba."

Neno hilo lilinichoma. Aliyekata mkonge anajua kipande ni nini. Ni kadi ya siku thelathini, na kila siku nyapara anaitia alama kama amependa. Asipopenda, umekata bure. Kipande changu cha kwanza kilinichukua siku hamsini kukimaliza. Nami nikajifunza jambo moja ambalo mapadri hawakunifundisha: serikali ikikupa namba, safari ya namba hiyo inaishia kwenye kodi. Leo mkunga, kesho kambale, keshokutwa kila perege wa Kilombero ana kipande, na mimi nalipa kwa kichwa.

"Mkimvua mkunga mwenye kipande," akasema, "mniletee kipande na mniambie mmempata wapi. Natoa senti thelathini. Nakuomba uwaambie watu wako, mzee. Huu ndio mtihani wangu. Mwalimu wangu atakuja mwezi wa tatu, na kisiporudi hata kimoja sipiti. Mama ameuza minazi yake ili nisome."

Nikaona amejifunza maneno vizuri. Hata nyapara alikuwa na mama.

Jioni ile niliwakusanya wavuvi. Nikawaambia kila kipande kiletwe kwangu, si kwa Bwana Bahari, nami nitatoa sumni. Nusu shilingi nzima! Serikali inatoa thelathini, mimi natoa hamsini. Niambie, ni nani mwingine bondeni humu aliyewahi kuishinda serikali kwa bei?

Vikaanza kuja. Shemeji akaleta vitatu, kesho vitano. Nilivitupa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, nikalipa bila hata kuvitazama, maana raha ya kushinda ilinijaa. Wavuvi wakinieleza walikovua, niliyashika kichwani; kichwa changu hakihitaji daftari.

Na Jumamosi kijana anakaa kivukoni na meza yake, hapati kitu. Watu wanaosubiri kuvuka wanamtania:

"Bwana Bahari, vibarua wako wametoroka na kipande!"

Mwezi wa kwanza alicheka nao. Wa pili alitabasamu. Ulipoingia wa tatu alikuwa amekonda, na kaptula haipigwi pasi tena. Nikasema moyoni, jasusi mzuri anajua hata kukonda.

Wiki ya mwisho akaja kwangu. Hakuuliza habari ya vipande. Aliuliza hivi: "Mzee, miaka yote uliyopasua samaki, umepata kumkuta mkunga mwenye mayai?"

Kambale wenye mayai nimewaona, perege pia. Mkunga? Nikamwita mke wangu, ambaye amepasua samaki wengi kuliko mtu yeyote Ifakara. Akafuta kisu, akafikiri. "Yai la mkunga? Sijaliona hata siku moja."

"Kwa sababu hawazai huku," kijana akasema. "Wanazaa baharini. Mkunga akishakomaa anateremka na mto huu, anaingia Rufiji mpaka baharini, anataga huko na kufa. Watoto ndio wanaopanda kuja kwenu. Ndiyo maana nimeletwa. Vipande vingenionyesha wanaoteremka wanapita wapi. Nilifunga thelathini na sita, na hakuna hata kimoja kilichorudi."

Sikushangaa. Kisha ile hesabu ikanigonga.

"Umesema vingapi?"

"Thelathini na sita."

Niliingia ndani nikamwaga kopo kitandani. Vilikuwa sitini na kimoja. Namba saba ilikuwepo mara nne. Vingine vimepigwa namba kwa chuma, sawasawa. Vingine vimekwaruzwa kwa msumari. Nikamwita shemeji.

"Lile kopo la kuchotea maji mtumbwini liko wapi? Naona siku hizi mnachota kwa viganja."

"Lilizama, Tajiri."

"Lilizama, au lilikatwa vipande?"

Akajikuna shingo. "Lakini shemeji, wewe ulisema unanunua vipande. Hukusema vya nani."

Miezi mitatu nilimlinda mtu mmoja kwa macho mawili, na mwizi nakula naye sahani moja.

Nikatoka na kopo, nikalimimina mbele ya kijana. Vyake vilikuwa kumi na kimoja. Alivishika kimoja kimoja, kisha akanitazama. "Kwa nini, mzee?"

"Nilidhani wewe mtu wa kodi."

"Ningekuwa mtu wa kodi ningeanza na mitumbwi yako mitano. Mkunga ana nini?"

Sikupenda jinsi alivyoijua idadi ya mitumbwi yangu. Hata hivyo nilikaa naye mpaka adhuhuri, nikawaita wavuvi kila mmoja atambue kipande chake, nami nikamtajia kila namba ilivuliwa wapi: hii mdomo wa kijito, hii chini ya kivuko, hii mbali zaidi chini. Tisa kati ya kumi na kimoja walivuliwa chini ya pale alipowaachia, yaani walikuwa wakiteremka. Aliandika mpaka penseli ikaisha ncha. Mwalimu wake alipokuja, kijana alipita, na ile chupa ya kiti cha pweza akamwachia mke wangu. Iko kabatini hadi leo, na bado sijui kwa nini hasa aliiacha.

Siku ya kuondoka alinihesabia senti thelathini kwa kila kipande halali, shilingi tatu na senti thelathini. Nilizipokea, haki ni haki. Mimi nilikuwa nimetoa sumni sitini na moja, yaani shilingi thelathini na nusu. Shemeji hakurudisha hata senti. Kwa hiyo kumshuku yule kijana kulinigharimu shilingi ishirini na saba na senti ishirini.