Uzi Kifuani mwa Mkimbiaji

Namshukuru Mungu kwamba kosa hili nililifanya uzeeni, maana ujanani ningelitetea.

Watoto wa darasa langu la Jumapili, hapa Nyakuron, Juba, walikuwa wakitengeneza vitu vya kumpokea mwanamke wa kwanza kutoka mtaa wetu kushindana mbio ng'ambo akivaa rangi za nchi. Angekuja baada ya misa. Wengi walileta waya, vizibo vya soda na maboksi yaliyopakwa rangi. Msichana mmoja wa miaka kumi, aliyezaliwa Kenya na sasa anaishi na bibi yake huku, alileta mkimbiaji wa udongo, mrefu kama mkono wangu. Wenzake walikubaliana huyo ndiye akae mbele ya meza. Tangu hapo msichana hakuwaza jingine.

Nami niliwaza yangu. Mkimbiaji alipakwa majivu mwili mzima, na kifuani amefungwa uzi mwekundu. Ukatekista umenifundisha kutazama nyuzi za hirizi. Nimezikata mikononi mwa wagonjwa na shingoni mwa watoto wachanga, nikiomba. Nilimuuliza msichana nani alimfundisha kupaka majivu. Akasema haboba, yaani bibi yake, mfinyanzi kutoka Rejaf. Nikamuuliza haboba husali wapi. Akanyamaza, akaangalia viatu vyangu. Kule kunyamaza nikakuhesabu kuwa ushahidi.

Jumamosi, nikiwa peke yangu, nilikata uzi, nikaomba, nikamwosha mkimbiaji katika beseni ili aingie kanisani safi. Majivu yalitoka. Kisha maji yakawa mazito, na mguu mmoja ukabaki kiganjani mwangu. Udongo ulikuwa haujachomwa.

Nilituma watu wamwite msichana na bibi yake. Bibi aliupokea ule mguu, akacheka kidogo bila furaha. Alinieleza kwa Kiarabu cha Juba, mjukuu akitafsiri, kwamba majivu huzuia udongo mbichi kugandia kitambaa unapofunikwa ukauke polepole. Tena yeye husali misa ya Kibari, lugha ya kwao, ile ya alfajiri, wakati katekista wa Waswahili bado amelala.

Nikauliza kuhusu uzi.

Msichana akajibu mwenyewe. "Mwalimu, mbio zina uzi pale mwisho. Anayefika wa kwanza anaukata kwa kifua. Kwani hujawahi kuona mbio?"

Bibi akamkanya. Nikamwambia amwache, amesema kweli.

Niliwaomba radhi wote wawili. Tukakaa barazani, msichana akifinyanga mguu mpya, mimi nikishika kiwiliwili. Mguu ulitoka mfupi kuliko mwenzake. Nikasema niko tayari kuwaambia watu nani aliuvunja.

Msichana akajibu. "Useme kabla mgeni hajafika. Asidhani mimi ndiye sijui kufinyanga miguu."

Kesho yake, baada ya misa, nilisema mbele ya wote, na watoto wakacheka. Mgeni alipofika aliomba kumshika mkimbiaji, na msichana akampa kwa mikono miwili. Nami nikasogea nitazame.

"Mwalimu, wewe tazama ukiwa pale," akaniambia, akinionyesha benchi la nyuma.

Nikaenda kuketi.