Kitambaa cha koti la Mzee: tulivyokitafuta Dodoma mpaka akalivaa mwenyewe

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka na nyuzi zenu napita. Leo nimeshindwa kukaa kimya. Ninachosimulia ni kama kilivyotokea, sijaongeza chumvi.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Kibakwe, kule Mpwapwa. Mwaka juzi alipata stroke. Tunamshukuru Mungu, anatembea na anaongea vizuri, ila mkono wa kulia haukurudi wote. Unanyanyuka kidogo, halafu unachoka.

Tangu hapo akagoma kuvaa koti. Na huyu ni mtu aliyefundisha miaka yote na koti mwilini, hata jua likiwaka. Shida ilikuwa kulivaa. Ukimsaidia kuingiza mkono anawaka: "Mimi sio mtoto wa chekechea."

Basi mdogo wangu Neema akapata mchumba, harusi ikapangwa Dodoma mjini. Mzee akapiga simu.

"Nitampeleka mwanangu kanisani. Nitavaa koti. Na nitalivaa mwenyewe."

Akakata.

Nikajua kazi imeniangukia mimi.

Alipofika kwangu Dodoma nikamjaribisha koti langu la ofisini. Mkono wa kulia ukaishia kwenye kiwiko. Kitambaa kigumu, mabega yamejazwa sponji, halafu zito. Akalivua, akalitupa kitandani. Wakuu, iliniuma kuliko kama angenifokea.

Kesho yake tukaenda kwa fundi Rajabu, Majengo. Ni mtu wa Kondoa, ananishonea siku nyingi.

"Shikamoo Mzee. Tukushonee suti?"

"Marahaba. Suti sitaki. Nataka koti la kuvaa na suruali yoyote, nisihisi nimebeba gunia."

Rajabu akasema koti lisiwe na sponji mabegani, na mgongoni lisiwe na bitana, kile kitambaa cha ndani, ili lipitishe hewa. Mimi nikauliza, sasa mikononi? Maana nilimwona Mzee alivyokwama. Tukabishana kidogo, tukakubaliana mikono ya koti iwekewe bitana ya kuteleza, mkono wa Mzee upite bila kusukumwa.

Kikabaki kitambaa.

Dukani dada muuzaji akatoa kile cha kung'aa, polyester tupu. "Baba, hiki ndicho wanachukua mabosi."

"Mabosi wana mikono miwili, mwanangu," Mzee akamjibu. Dada wa watu akacheka mpaka akakaa.

Hapa ndipo nilipojifunza. Mzee hakuangalia rangi kwanza. Kila kitambaa alikitupia kwenye bega bovu, akatoka nacho nje juani, akasimama. Ile polyester alirudi nayo haraka, jasho linamtoka. Sufu ilikaa vizuri sana, ila bega likaanza kushuka. Linen tupu, yaani kitani, ilikuwa nyepesi kama hewa, lakini nilipoifinya kwenye ngumi ikatoka imekunjamana kama karatasi.

Mwisho dada akashusha mchanganyiko wa pamba na linen, wenye uzi kidogo wa kuvutika. Ukiushika unakwaruza kidogo, sio laini kabisa, kwa hiyo mikunjo haionekani sana. Rangi ya ulezi.

Mzee akasimama nacho nje. Akasimama weee. Nikamfuata nikidhani amechoka.

"Nimesahau kama kiko begani," akasema.

Neema alipoona akalalamika, yeye alitaka kitambaa laini cha navy blue. "Baba, kwenye picha utaonekana umekunjamana!"

"Mimi mwenyewe nimekunjamana, mama. Tutaendana."

Siku ya harusi ndugu wamejaa sebuleni. Koti liko kwenye mgongo wa kiti. Shangazi akanyanyuka kwenda kumsaidia, nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, muache."

Mzee akaanza na mkono mbovu. Akaushika kwa ule mzima, akauelekeza kwenye tundu. Ukaingia kidogo, ukasimama. Akavuta pumzi, akalivuta koti taratibu, ile bitana ikateleza, vidole vikatokea upande wa pili.

Wakuu, nilitaka kupiga makofi. Nikajikaza.

Akalizungusha mgongoni, mkono wa kushoto ukaingia, akaweka kola sawa. Akatuangalia tulivyosimama kama tuko msibani.

"Mbona mmeganda? Bibi harusi anasubiri!"

Kanisani alimpa Neema mkono ule ule wa kulia. Akatembea naye mpaka mbele, kichwa juu. Nimevaa suti nyingi kazini, lakini sijawahi kujivunia nguo kama nilivyojivunia lile koti, na sikulivaa mimi.

Baada ya ibada watu wakamuuliza kalinunua wapi. Akawajibu, "Kitambaa nimechagua mwenyewe. Huyu kijana alibeba mfuko tu."

Sawa Mzee.

Nilichojifunza: tunachagua kitambaa kwa macho, halafu mwili ndio unateseka. Kiweke begani, toka nacho juani, kifinye, nyanyua mikono. Sikiliza mvaaji, sio muuzaji. Na kama unamshonea mzazi mwenye shida ya mkono, usimnyime nguo anayoitaka wala usimvalishe kwa nguvu. Tafuta nguo itakayomkubali.

Juzi kapiga simu. Anasema kalivaa kwenye kikao cha wazazi shuleni, ila Kibakwe jioni ni baridi, hivyo anataka la pili, zito kidogo.

Mtu aliyegoma kuvaa koti!

Mwenye kujua sufu nyepesi inapatikana wapi hapa Dodoma, au aliyemshonea mzazi mwenye hali kama hii, atupie uzoefu wake hapa. Nitamsomea Mzee yote.